Koti Lisilochukuliwa

Jumatatu, 23 Desemba

Bosi kapitisha kopo leo. Kopo la wanga, lile lile la kila mwaka, na ndani vikaratasi vya majina. Unachomoa kimoja, unakisoma moyoni, unanyamaza, na Ijumaa unamletea huyo mtu zawadi. Tuko sita tu dobi nzima! Siri gani hiyo? Mtu akishasoma karatasi tu, uso unamtaja.

Nimempata Kaunta, yule anayepokea nguo mlangoni na kuandika tiketi. Kila kitu anacho, na asichonacho hakitaki. Mwaka jana alipewa vikombe vya kahawa. Sasa anawekea peni.

Halafu kuna lile sharti la Bosi. Ukifungua zawadi lazima uiinue juu, wote waione, na useme kwa sauti: "Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta." Miaka ishirini na tatu napiga pasi hapa. Nimeshatafuta soksi za kiume, nimetafuta kalenda ya mwaka unaokwisha, nimetafuta bata wa udongo. Bata yuko juu ya kabati la Shangazi, ninayekaa naye. Kampenda, humwambii kitu.

Baba naye alikuwa na zawadi zake. Kila mwisho wa mwaka daftari! Mimi moja, kaka moja, na penseli imeshachongwa. Mwalimu ataleta nini kingine? Kaka alitaka mpira. Mimi nilitaka viatu vya kisigino. Tulikuwa tunasema "asante Baba" kwa pamoja kama darasani, halafu tunakwenda nyuma ya nyumba kununa. Siku hizi ndiyo natamani angalau moja la yale. Haya naandika kwenye daftari la mistari la dukani. Sijui kuandika penginepo.

Jumanne, 24 Desemba

Nimemnunulia Kaunta chupa ya chai. Nyekundu. Shangazi kaigeuza huku na huku, kasema kutoa ni moyo, sawa, ila na macho nayo yangeulizwa.

Ijumaa, 27 Desemba

Tumezima mashine saa nane mchana. Bosi kaleta soda na biskuti. Tukakaa chumba cha kukunjia, juu ya mabunda ya shuka za hoteli.

Kaunta kaanza. Kaiinua chupa ya chai, kasema anaitafuta siku nyingi, na macho yake yanatafuta mlango. Nilitamani kucheka. Nikanywa soda.

Zamu yangu. Kumbe aliyenichomoa ni Sabuni, mzee wa mashine za kufulia. Tumemwita hivyo mpaka mkewe sasa naye anamwita hivyo. Bunda kubwa, limefungwa kwa karatasi yetu hii hii tunayofungia nguo za wateja. Uzito ule! Mikono ilijua kabla yangu. Koti. Koti la kiume, la sufu, kahawia, vifungo vinne.

Nikatazama ndani ya kola. Mazoea ya kazi, siwezi kujizuia. Kila nguo ikiingia kwetu naishonea namba ndani ya kola kwa uzi mwekundu, ikitoka naufumua. Hapa uzi haupo. Matundu yapo, na ni ya sindano yangu mimi. Nikapapasa bitana chini ya kwapa la kushoto. Hiyo nimeishona upya kwa mkono wangu, mwaka jana. Koti hili lina mwaka na miezi miwili kwenye chuma cha nyuma, pale zinapotundikwa nguo ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua.

Wote wananitazama mimi. Sabuni anatazama viatu vyake.

Nikaliinua. Nikasema, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mungu anisamehe. Kwa miaka yote ishirini na tatu, leo tu ndiyo nimesema kweli.

Jumamosi, 28 Desemba

Nimemvuta Sabuni kando, nyuma ya boila. Hakubisha. Hakuwa na cha kuleta, mkewe yuko kitandani mwezi wa tatu huu, na yeye kaona haya kukaa mikono mitupu mbele ya watu. Mwenye koti, anasema, kama hajafa basi kahama, nguo nayo huchoka kungoja. Nikamwonyesha maandishi ukutani: nguo isiyochukuliwa haiondoki hapa mpaka itimize miaka miwili. Bosi akijua, huna kazi. Anajua, kasema. Halafu kaniangalia.

"Mara ngapi nimekukuta umesimama mbele ya lile koti, Mama Pasi? Nikajua unalipenda."

Na mimi nilidhani hakuna anayeniona.

Basi niandike. Daftari halina mdomo.

Baba alikuwa na koti kama hili. Kahawia, sufu, mabega mapana. Lilikaa msumarini nyuma ya mlango, na mifukoni vipande vya chaki. Asubuhi nilikuwa najua saa ngapi kwa kusikia lile koti linavyokwaruza mlango anapolitoa. Miaka tisa iliyopita Baba akafariki. Kaka alikuwa anafanya kazi mbali, kaja kuzika, siku ya tatu akatakiwa kurudi. Wakati wa kuondoka akasema kitu kimoja tu. Ugawe vyote, hilo koti niwekee mimi.

Nikasema siwezi kumpa mtu koti lenye vumbi la chaki. Nilipigie pasi kwanza. Nililipeleka kazini saa ya chakula, sikutaka kupigia nyumbani kwa pasi yetu mbovu. Nikaanza na mgongo. Nikashika kola, nikasikia harufu yake Baba, nikakaa chini kulia. Pasi niliiacha juu yake.

Nguo za watu wote wa mji huu zimepita mikononi mwangu na sijaunguza hata leso. Nimeunguza koti la Baba! Mgongo mzima, alama ya pasi, mpaka bitana. Nililitia kwenye moto wa boila kabla wenzangu hawajarudi.

Kaka alipouliza nikamwambia nimempa mtu asiyekuwa nalo. Nilidhani huo ndio uongo mdogo. Akauliza kama kweli nimempa mtu baki koti la Baba. Tangu siku hiyo, salamu yake kwangu hupitia kwa wifi. Tunakaa mitaa miwili tu, alisharudi zamani, na kila sikukuu anakaa ncha ya pili ya meza. "Mwambie apitishe chumvi." Chumvi iko mbele yangu, mimi niko mbele yake, na wifi wa watu anageuza shingo huku na kule mpaka namwonea huruma.

Leo nilitaka kulirudisha kwenye chuma. Nimelibeba mpaka pale. Nimerudi nalo nyumbani.

Jumatatu, 30 Desemba

Nimelipiga pasi upya. Kitambaa kibichi juu, moto mdogo, na sikuondoka hata simu ilipolia.

Nimeamua. Nitampa kaka. Nitamwambia: si lile, lile nimeliunguza, lakini chukua hili. Nimeyasema mara nyingi mbele ya kioo cha bafuni. Shangazi kauliza nagombana na nani humo.

Jumatano, 1 Januari

Sijui nianzie wapi.

Wamekuja saa tano, kaka na wifi, na mifuko. Wifi kaniletea pasi. Pasi ya mvuke! Mtu nashinda na pasi siku sita, ya saba naletewa nyingine. Nikamshukuru mpaka mashavu yakauma. Shangazi kapewa redio, ya tatu hiyo, na kasema vizuri, sasa kila sikio litakuwa na yake. Yeye kampa kaka soksi za kumbana kweli kweli, na kasimama pale mpaka kazivaa. Maskini kaka, vidole vimejikunja. Tukacheka wote. Siku zile Baba yupo ilikuwa hivi hivi, tunacheka vitu vibaya tulivyopeana.

Nikaona sasa ndiyo saa yangu. Nikampa bunda.

Alilifungua polepole, karatasi hakuichana. Nikafungua mdomo niseme yale maneno yangu. Alinitangulia.

"Ulikuwa nalo," kasema. "Miaka yote hii ulikuwa nalo."

Si kwa kuuliza. Alilishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Akasema alijua tangu zamani, kwamba nilisema vile kwa uchungu tu, msiba ulikuwa mbichi, na yeye kwa ukaidi wake hakutaka kuuliza mara ya pili. Akaomba radhi. Kaka! Ananiomba radhi mimi!

Akalivaa. Akatia mikono mifukoni, akacheka. Hata chaki zake umezitoa, kasema. Na machozi yakamtoka, mtu mzima wa miaka hamsini na sita. Akaenda kujitazama kwenye kioo cha ukumbini, mgongo kwetu. Mabega yale. Kwa kitambo kidogo nilimwona Baba anatoka kwenda shule, na mimi nina miaka saba, nimechelewa, natafuta kiatu kimoja. Nililia. Wifi kalia. Kila mtu akaona nalia kwa ajili ya koti.

Shangazi hakulia. Kapitisha mkono kwenye mkono wa koti, kutoka begani mpaka kwenye kiganja. La kaka yangu, baba yenu, lilikuwa zito kuliko hili, kasema. Kaniangalia. Halafu kasema lakini mikono yake siku hizi haina mizani, na kwenda kutazama chungu.

Tulipokaa kula, kaka kahamisha kiti. Kaja kukaa karibu nami.

"Mdogo wangu, hebu nipe chumvi."

Mdogo wangu. Nimempa chumvi.

Ijumaa, 3 Januari

Kaka kapiga simu mara mbili leo. Hana jambo. Anataka kukumbuka tu. Ananiuliza, nakumbuka Baba akisahihisha madaftari sebuleni na koti mabegani? Nakumbuka. Nakumbuka tulivyokuwa tunajificha ndani yake, likiwa limetundikwa, wawili kwa pamoja, miguu minne iko nje? Na Baba anatafuta chumba kizima, anachungulia hata kwenye sufuria, anaviuliza viatu vyetu kama vimewaona watoto wake, na viatu vyenyewe tumevivaa! Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi. Miaka tisa sijacheka hivyo na kaka yangu. Nilikuwa nimesahau kwamba anapocheka anakohoa.

Nilipokata simu nikajiona mwizi.

Anataka alilete dobi Jumamosi nilinyooshe kidogo. Nikamwambia sufu haipendi pasi za mara kwa mara, ilipumzike. Eti ilipumzike.

Jumatatu, 6 Januari

Njia ya mwongo fupi. Yangu imefika siku tano tu.

Asubuhi, saa tatu hivi, kaja mama mmoja na tiketi. Imekunjwa mara nne mpaka imekatika kwenye mikunjo, kaiunga kwa gundi ya karatasi. Kaomba radhi kwa kuchelewa. Mwaka na zaidi! Koti la mume wangu, anasema, kahawia. Alilileta mwenyewe, na kesho yake akaanguka. Kapelekwa hospitali ya mbali, na mkewe kamfuata huko. Wamemfundisha kusimama, kushika kijiko, kutembea. Sasa kapona. Ijumaa anaruhusiwa. Na juzi kamuuliza mkewe kama koti lake bado lipo kwa dobi, maana hataki kuingia mtaani kwake na nguo za hospitali.

Yote haya nayasikia kutoka kwenye meza yangu ya pasi. Kuta zetu ni mbao.

Kaunta kaenda kwenye chuma cha nyuma. Karudi. Kafungua kitabu. Kitabu kinasema lipo. Kaenda tena. Huko ndani Sabuni kazima mashine katikati ya kufua, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya, na nyumba nzima ikatulia kama maji mtungini. Bosi katoka ofisini. Koti halioti miguu, kasema, kesho kutwa tutatoa kila kitu nje tukague, na kila mtu atajibu.

Na yule mama ndiye aliyekuwa anatutuliza sisi! Hakuna haraka, anasema, najua mmelitunza.

Nikatoka. Pasi bado iko mkononi, sikukumbuka kuiweka. Nikamwambia, mama, Ijumaa saa mbili asubuhi njoo, litakuwa tayari na limenyooshwa. Kanishika mkono ule mwingine, kashukuru. Bosi kanitazama. Kaunta kanitazama, kama anayekumbuka nilichokiinua siku ya zawadi. Nikamwambia Bosi liko kwangu, bitana ilikuwa inashonwa. Nikarudi kwenye shati la mtu.

Mwongo naye huzoea.

Jumanne, 7 Januari

Sabuni kasema atakwenda kujitaja kwa Bosi. Nimemkataza. Yeye alinipa mimi, sikulirudisha, na nikalitoa tena. Mkewe anamhitaji yeye na kazi yake. Kufika Ijumaa koti liwepo, basi.

Nimempigia kaka. Kapokea wifi. Nikamuuliza huko kwao kama kunanyesha. Mitaa miwili!

Jumatano, 8 Januari

Baada ya kazi nimezunguka maduka ya mitumba natafuta koti jingine la kahawia, nimbadilishie kaka bila yeye kujua. Nimepata la kijivu na la kike. Nimesimama pale katikati ya nguo za watu nikajiuliza ninafanya nini. Miguu inaniuma. Shangazi kaniwekea maji ya chumvi, kakaa pembeni. Kasema tu kwamba kaka yangu ana roho nzito ila si roho mbaya, alikuwa hivyo tangu anatambaa.

Alhamisi, 9 Januari

Niko msalani kwa kaka. Nimekaa juu ya kifuniko. Daftari lilikuwemo mkobani na nisipoandika nitapasuka.

Nimefika saa kumi na moja kutoka kazini. Kaka mwenyewe kafungua mlango. Kalivaa! Ndani ya nyumba, na joto lote hili. Kanivuta mkono mpaka sebuleni kunionyesha. Kaitafuta picha ya Baba, ile ya mbele ya darasa, kaitia fremu, kaitundika juu ya redio. Na yeye kasimama chini yake, kajinyoosha, ananiuliza naonaje. Picha ni nyeusi na nyeupe, rangi haisemi kitu. Lakini koti la Baba pale pichani lina vifungo vitatu. Lake lina vinne. Kaka hajahesabu. Wifi kaleta chai, kasema siku hizi mume wake hata usingizini anatabasamu.

Nikajikaza. Na nilianzia kubaya. Nilipaswa kuanza na pasi, nikaanza na mgonjwa. Nikasema, kaka, kuna mtu anatoka hospitali kesho, alikuwa hawezi kutembea, hana koti la kurudia nyumbani, na mimi nimemwahidi mkewe. Nimekuja kuliomba koti.

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Mdogo wangu," kasema. "Hii itakuwa mara ya pili unagawa koti la Baba."

Kanitazama sana, na mimi natazama kikombe. Wifi kasimama na birika, hajui aweke wapi.

Halafu kaanza kufungua vifungo. Kimoja kimoja, kuanzia juu. Kasema kama mtu kweli anatoka kitandani baada ya mwaka mzima na hana cha kuvaa, basi. Baba angetoa. Baba alikuwa anavua viatu barabarani anampa asiye navyo, nakumbuka? Kasema yeye kalivaa siku tisa, zimemtosha, na mimi nisilie. Kalikunja mwenyewe, vibaya, mikono imetoka nje, kaliweka mezani mbele yangu. Akanishika kichwa kama zamani.

Nikasema naomba kwenda msalani.

Sasa koti liko pale mezani. Naweza kutoka humu, nikalichukua, nikaaga. Kesho saa mbili yule mama atalipata. Sabuni atakuwa salama. Bosi hatauliza tena. Na kaka atabaki akijua kwamba alilivaa koti la Baba, na kwamba alilitoa kwa moyo wake mwenyewe. Atanisamehe hata mara ya pili, nimeshamwona usoni. Hakuna atakayejua, labda Shangazi, na yeye hasemi. Ni kitu chepesi kabisa. Ni kunyamaza tu, na kunyamaza nimekuzoea.

Ila kanishika kichwa. Kanishika kichwa mimi, na ananiambia nisilie.

Nawasikia wanaongea chinichini, yeye na wifi. Anamwambia aniache, nimechoka na kazi. Nyayo zinakuja. Anagonga. Anauliza kama tumbo linaniuma, kama aniletee maji.

Nimemjibu kwa sauti, kupitia mlangoni. Nimesema hapana, kaka. Nimesema nakuja sasa hivi, lakini kaeni chini kwanza, wote wawili, nina neno kuhusu koti la Baba, lile lenyewe.

Halafu nimesikia kiti kikivutwa.